Damu Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 9 Januari

Mdogo wangu mpenzi,

Usinicheke kwa kuandika barua kama wazee. Simu yangu hapa kiwandani haina siri. Ikitoa mlio tu, wasichana watatu wameshaisoma kabla yangu. Karatasi naikunja, natia kwenye bahasha, nalamba gundi, yamekwisha.

Mimi mzima. Shule zinafunguliwa, kwa hiyo tunashona sketi na kaptula za bluu mpaka nikifumba macho naona bluu. Shemeji yako bado yuko saiti, wanafunga nyaya kwenye ghorofa ambalo haliishi. Anakuja nyumbani kila baada ya wiki sita. Miezi minane ya ndoa na siku tulizokaa pamoja hazifiki sitini. Wenzangu wanaiita ndoa ya likizo. Nawaambia bora likizo yangu kuliko kazi zenu za kila siku.

Sasa nina swali, na wewe ndiye mtaalamu wa ukoo mzima. Kuna rafiki yangu, namshonea nguo, naye yuko kama mimi, anaishi na virusi na anameza dawa miaka mingi. Kliniki wamemwambia kuna utafiti. Unaacha vidonge, unatundikiwa dripu ya kitu kinaitwa kingamwili, unakaa miezi bila kumeza chochote huku wakikuangalia. Je, hizo ndizo unazozipima huko kwenye maabara yenu? Zinafanya kazi kweli?

Amechoka kuficha, maskini. Namwelewa. Wiki iliyopita, siku aliyoondoka shemeji yako, nilifagia chumba nikakuta kidonge changu sakafuni, upande anaolala yeye. Kimekaa peupe kabisa. Nikakaa chini na ufagio mkononi. Angekiona je? Angeuliza, ningesema nini? Tangu mama atutoke, ni wewe peke yako duniani unayejua. Nataka ibaki hivyo.

Nijibu upesi, rafiki yangu anasubiri.

Dada yako


Jumanne, 17 Januari

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua.

Ndiyo, hizo ndizo tunazozipima. Lakini kwanza naomba kitu kimoja: usiniambie jina la rafiki yako wala anatibiwa wapi. Damu zinakuja kwetu na namba tu. Siku nikijua damu fulani ni ya nani, sitakiwi tena kuigusa.

Nikueleze nilivyowaeleza wanafunzi waliotutembelea. Kirusi ni kitu kidogo mno, na kwa nje kimevaa ganda. Juu ya ganda kuna protini zilizosimama kama vichipukizi. Ndiyo mikono yake hiyo. Kwa mikono hiyo kinashika seli ya mwili na kuingia. Kingamwili kazi yake ni kuwahi kuikamata ile mikono. Ikishakamatwa, kirusi kinazurura tu kama mwizi aliyefungwa pingu.

Kazi yangu ni hii. Natengeneza kirusi bandia kilichovaa ganda la kirusi cha mgonjwa, lakini ndani hakina uwezo wa kuzaana. Nakichanganya na kingamwili kwenye kisahani chenye vishimo tisini na sita, kisha naongeza seli. Kirusi kikifanikiwa kuingia, seli inatoa mwanga hafifu ambao mashine inausoma. Kikizuiwa, ni giza. Kwa hiyo mdogo wako ni mtu anayelipwa mshahara kuombea giza.

Zinafanya kazi? Kwa wengi, ndiyo, na vizuri. Lakini sitakudanganya. Kinachonitisha mimi ni ganda. Kirusi kinalifunika kwa sukari ili kingamwili isipate pa kushika. Na kinabadilika. Kiungo kimoja tu kwenye protini ile, kimoja kati ya mamia, kikibadilika mahali pabaya, kingamwili inateleza. Ndiyo maana watafiti wanapima kirusi cha mtu kabla ya kumpokea, na wakishampokea hawamwondolei macho.

Mwambie rafiki yako asiingie kwa sababu ya kuchoka kuficha. Na akiingia, aseme kweli yote, hata yale ya aibu. Na wewe endelea na vidonge vyako, umenisikia? Ulianza kuvimeza nikiwa darasa la saba, ukinidanganya ni vya kuongeza damu. Kwa sababu ya kopo lile la vidonge, mimi leo nimevaa koti jeupe.

Mdogo wako


Ijumaa, 3 Machi

Mdogo wangu,

Rafiki yangu amekubali. Walimpima kirusi chake wakasema kinakamatika vizuri, ana bahati. Ametundikiwa dripu, kitanda safi, nesi mpole mwenye sauti kama ya mtangazaji. Vidonge ameacha. Anasema asubuhi ya kwanza alinyoosha mkono kulitafuta kopo, mkono ukabaki hewani. Akacheka peke yake kama mwehu.

Kuna maswali mengi wanauliza. Unakunywa pombe, una mwenzi, unaishi na nani. Kwenye mwenzi alijibu hana, anaishi peke yake. Wangemwambia amlete huyo mwenzi, na hilo haliwezekani. Hata hivyo mumewe mwenyewe ni wa kusafiri.

Hapa joto ni kali. Msimamizi ameleta feni moja, tunagombania upepo kama kuku wanavyogombania punje. Shemeji yako anakusalimu. Anasema ukija utamkuta amekuwekea swichi ya taa jikoni, ile uliyoilalamikia mpaka ukakaribia kususa chakula.

Nina raha, mdogo wangu. Sijui hata kwa nini nakwambia, lakini nina raha.

Dada yako


Jumatatu, 24 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekawia kujibu, kazi ilikuwa imetufunika.

Barua yako ya Machi imenikaa rohoni. Huyo rafiki yako aliyesema hana mwenzi, na kumbe ana mume, mwambie arudi kliniki akaseme ukweli. Sio kwa ajili ya makaratasi. Mtu anayemeza vidonge vizuri na virusi havionekani kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzake. Aliyeacha vidonge anategemea kingamwili peke yake. Zikiteleza, kirusi kinarudi, na mwenye mwili hahisi kitu. Hakuna homa, hakuna kidonda. Anaamka, anapiga mswaki, anakwenda kazini.

Nakwambia hivi kwa sababu ya jambo lililotokea wiki iliyopita. Hapa mezani kwangu kuna damu ambayo tunaiita Kumi na Saba, maana namba yake inaishia hivyo. Mwanzoni kirusi chake kilizimwa vizuri kuliko vyote; kisahani kizima giza tupu. Mapema mwezi huu kliniki waliona kirusi kimeanza kuonekana tena, kidogo, wakatuletea damu mpya. Nikatengeneza lile ganda upya. Ijumaa nikaweka kisahani kwenye mashine.

Dada, kiliwaka. Vishimo vyote. Niliongeza kingamwili mara kumi zaidi, kikawaka vile vile, kana kwamba nimemwaga maji. Tumesoma protini za ganda lake: kiungo kimoja kimebadilika, pale pale ambapo kingamwili ilikuwa inashika, na sukari mpya imejipachika kando yake. Profesa wetu alivua miwani, akaivaa, akasema, "Rudia. Hatumtishi mtu kwa kipimo kimoja." Narudia wiki hii. Taarifa itakwenda kliniki wiki ijayo.

Simjui Kumi na Saba. Lakini leo nilikuwa nakula mchana nikamfikiria, kijiko kikanishinda. Yuko mahali fulani, amelala na amani yake, anadhani analindwa.

Nimevunja kanuni kukuandikia haya. Choma barua hii.

Mdogo wako


Jumamosi, 6 Mei

Dada,

Kulikoni? Machi ulikuwa mwepesi kama ndege, sasa kimya. Nimekupigia, unasema "niko kazini, nitakupigia," hupigi. Sauti yako siyo.

Kumi na Saba nimempima mara ya pili, jibu ni lile lile. Kliniki wamepewa taarifa Jumanne. Wanasema mhusika hapokei simu na hakutokea kwenye vipimo vyake vya wiki mbili mfululizo.

Unaumwa? Niandikie japo mstari mmoja.

Mdogo wako


Jumatatu, 8 Mei

Mdogo wangu,

Sijachoma barua yako. Nimeisoma mpaka mikunjo imechanika.

Hakuna rafiki. Kumi na Saba ni mimi.

Kadi yangu ya kliniki iko hapa mbele yangu, na namba yake mwisho ni moja na saba. Nilificha kwa sababu ungenikataza, na ningekutii, maana tangu uvae hilo koti umekuwa baba yangu. Nilitaka nyumba isiyo na kopo la kuficha. Basi, hilo tu.

Sasa nikwambie lililobaki. Ni hilo linaloninyima usingizi.

Mapema Aprili nesi aliniambia, "Kirusi kimeonekana kidogo, usihofu, tunakiangalia, uje kila wiki." Sikuelewa uzito wake. Yeye angenieleza zaidi kama angejua nina mume, lakini nilimwambia sina. Karatasi zao zilisema tutumie mpira. Utamwambiaje mume wako wa ndoa, aliyekaa wiki sita kwenye vumbi akikuwaza, kwamba leo avae mpira, na usimwambie kwa nini?

Shemeji yako aliingia Alhamisi tarehe ishirini na saba. Ana likizo ya wiki mbili na nusu, ndefu kuliko zote. Alikuja na sabuni ya kunukia na gunia la mkaa, akiimba toka barabarani. Alhamisi ile tulilala kama mume na mke. Ijumaa alikuwa na uchovu. Jumamosi mchana dereva wa vifurushi akanikabidhi barua yako pale kiwandani, nikaisomea chooni. Nilipofika kwenye namba, nilishika ukuta.

Tangu siku hiyo nimesema tumbo linaniuma. Ananichemshia maji ya tangawizi. Ananikanda mgongo kwa mikono yake mikubwa, nami nalala nimekaza mwili kama ubao. Jana aliniuliza, "Nimekukosea nini?" Nikasema tumbo.

Kliniki wakipiga, nakata, kwa sababu yuko karibu. Sijaenda. Nikienda nitasema nini? Nilidanganya kwa kalamu yao wenyewe, nikasaini.

Mdogo wangu, naogopa mpaka naona aibu kupumua karibu yake. Nifanye nini?

Dada yako


Alhamisi, 11 Mei

Dada yangu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimepiga simu mara tatu. Mara zote amepokea shemeji. Mara ya tatu akasema, "Shemeji, kuna msiba?" Nikasema hapana, mwambie dada anipigie. Hukunipigia. Basi nakuandikia, na barua hii anaileta leo hii dereva yule yule kwa mkono wake. Soma mpaka mwisho kabla hujalia.

Kwanza, kesho asubuhi uende kliniki. Hawatakufunga. Watakurudishia vidonge vyako siku hiyo hiyo, na vidonge vyako bado vinafanya kazi. Elewa hili vizuri: kilichobadilika ni ganda, ambalo ndilo linaloshikwa na kingamwili. Vidonge havigusi ganda, vyenyewe vinakizuia kirusi ndani ya seli kisijinakili. Kwa hiyo mlango wa kingamwili umefungwa, wa vidonge uko wazi. Upite kesho hiyo hiyo, usiseme kesho kutwa.

Pili ni shemeji. Kuna dawa ya kinga ambayo mtu akianza kuimeza ndani ya saa sabini na mbili baada ya kukutana na kirusi, inaweza kumwokoa. Nimehesabu kwa vidole kama mtoto. Toka Alhamisi jioni, saa hizo ziliisha Jumapili jioni. Jumamosi ulipokuwa chooni na barua yangu, zilikuwa zimebaki siku moja na kitu. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekuandikia habari ya kutisha bila kuandika dawa yake, maana nilidhani naandika habari za mtu baki.

Sasa kilichobaki ni kupima. Apime sasa, apime tena baada ya wiki sita, apime baada ya miezi mitatu. Ni mara moja tu mlikutana, na mara nyingi mara moja haitoshi kumwambukiza mtu. Mara nyingi. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, nikiandika nitakuwa nakudanganya.

Lakini hawezi kupima bila kujua. Mwambie, dada. Akisikia kwa nesi ndiyo utakuwa umempoteza.

Mimi nimekwenda kwa Profesa nikamwambia: Kumi na Saba ni dada yangu, na nilimtajia namba kwenye barua. Alifunga daftari lake. Kisha akasema, "Kabidhi funguo za friza." Nimehamishiwa chumba cha kuosha vyombo mpaka kikao kiamue. Nilipofika mlangoni akaniita, akauliza, "Ameshaanza vidonge?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi unasimama hapa unafanya nini?"

Mdogo wako


Jumapili, 14 Mei

Mdogo wangu,

Ijumaa nilikwenda kliniki. Yule nesi hakunifokea. Alinishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma, akatoa fomu mpya, akasema, "Tuanze upya. Una mwenzi?" Nikasema ninaye. Akaandika. Nimeanza vidonge. Wamenitoa damu chupa nne.

Jana asubuhi nikamwambia.

Alikuwa mezani anatengeneza pasi ya jirani, ameifungua matumbo yote nje. Nikavuta kiti. Nikasema, "Nina jambo."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua."

"Hujui."

"Najua, mama. Nimejua tangu mwaka jana. Nilikuwa nakungoja tu useme mwenyewe." Akatabasamu. Mdogo wangu, alitabasamu, akaweka bisibisi chini akanyoosha mkono anishike. "Unaishi na virusi. Unameza dawa. Kwani mimi nimekimbia?"

Nilitaka ardhi inimeze. Kama angenitukana ningeweza. Nikasema, "Nimeacha dawa."

Mkono ukabaki pale pale mezani.

"Umeacha lini?"

"Februari."

"Sasa unameza nini?"

"Nilikuwa kwenye majaribio. Wanatundika dripu. Ilifanya kazi, halafu ikashindwa. Kirusi kimebadilika, kimerudi. Kilikuwa kimerudi ulipokuja."

Aliuliza mara mbili, polepole, kama anayesoma maandishi madogo: "Alhamisi ile, kilikuwa kimerudi?" Nikasema ndiyo. "Na ulikuwa unajua?" Nikasema nilijua kimeonekana, sikujua maana yake. Akarudia, "Ulijua kimeonekana."

Kisha akairudisha pasi ile, skrubu moja baada ya nyingine, hata moja haikudondoka. Akaichomeka kwenye umeme, akasubiri ipate moto, akaichomoa. Akampelekea jirani. Akarudi, akafunga mkoba wake.

Kesho atapima kliniki kabla ya kupanda gari la saiti. Amesema nisimsindikize.

Ameniambia jinsi alivyojua. Kile kidonge nilichokikuta sakafuni Januari hakikudondoka pale. Amesema atakuandikia mwenyewe. Mimi siwezi.

Dada yako


Jumatatu, 22 Mei

Shemeji,

Salaam. Mimi si mtu wa barua, kwa hiyo nivumilie.

Wiki iliyopita nilipima, hakuna kitu. Nesi kasema hilo halina maana bado, ni mapema. Nimerudi saiti. Napanda ngazi, nafunga nyaya, nashuka. Wenzangu wananiuliza mbona umekonda, nawaambia ndoa.

Nataka ujue mambo yalivyokuwa, maana yawezekana dada yako anakusimulia mimi ni malaika. Mwaka jana, mwezi wa pili wa ndoa, niliokota kidonge chini ya kitanda. Nikakipeleka kwa mwenye duka la dawa, mbali na mtaani kwetu. Akaniambia ni cha nini. Nilizunguka mji siku nzima. Jioni nikarudi kwake nikamuuliza, mtu akimeza hivi kila siku, mwenzake yuko salama? Akasema akimeza vizuri na vipimo vikiwa safi, hamwambukizi. Nikapima mwenyewe, nikakutwa salama. Nikaamua kumwachia aseme kwa wakati wake. Nilikuwa nachungulia kopo akiwa bafuni. Nikiona vidonge vimepungua, nalala.

Januari nikaokota kingine chini ya kitanda asubuhi naondoka. Nilikuwa na haraka, nikakiweka peupe sakafuni, upande wangu, akione. Nilifikiri nikikirudisha kwenye kopo lenyewe atajua nimegusa. Sasa ananiambia ni kidonge hicho ndicho kilichomtia hofu mpaka akaingia kwenye utafiti wenu.

Mimi ni fundi umeme. Nikiambiwa waya umezimwa, sigusi mpaka nipime. Kwa dada yako sikupima tena, niliamini. Tangu Januari hata kopo sikuchungulia.

Sina neno na wewe. Nina swali moja, nijibu kama mwanamume mwenzangu: hicho kirusi kilichobadilika, kama nimekipata, dawa zitanifaa? Au nimepata kile kisichosikia?

Shemeji yako


Jumatatu, 29 Mei

Shemeji yangu,

Heshima yako. Nakujibu swali lako kwanza: zitakufaa. Kirusi kile kimekuwa kiziwi kwa kingamwili tu. Vidonge vya kila siku vinakipiga pahala pengine kabisa. Dada ameanza kuvimeza tarehe kumi na mbili. Kipimo cha wiki iliyopita kinaonyesha kirusi kimeshaanza kushuka. Hii si siri ya maabara, ameniambia mwenyewe nikuandikie.

Na ukiwa hukukipata, ambalo ndilo naliombea usiku na mchana, hutahitaji jibu langu.

Hukuniuliza, lakini nakiri. Nilimtajia namba kwa kuropoka. Kisha nilipopata barua yake nilipiga simu mara tatu na ukapokea wewe, nami nikawa na maneno mdomoni nikayameza. Ulipouliza kama kuna msiba nilisema hapana. Nimekudanganya, shemeji. Nisamehe ukiweza.

Shemeji yako mdogo


Jumamosi, 5 Agosti

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kochi alilolala shemeji yako.

Kipimo cha Juni kilikuwa safi, hilo unalijua. Alikuja siku ile, akapima, akaondoka na gari la mchana bila hata kunywa maji. Mwezi mzima wa Julai alipiga simu mara mbili, zote kuuliza kama nameza. Siku niliyomwambia kirusi changu hakionekani tena kwenye vipimo, alisema, "Vizuri," kama mtu anayejibu karani.

Nimekondeana. Kiwandani niliwahi kushona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, msimamizi akalitundika ukutani watu wacheke, nami nikacheka nao. Nilikuwa nikisikia mtu anakohoa dirishani nahisi ni yeye anaumwa huko aliko. Nilimwota ana homa. Nilijiapiza kwamba jibu lake likiwa ndiyo, sitamwomba msamaha, maana kuomba kungekuwa kumtwisha mzigo mwingine.

Profesa wako alinipigia simu, sijui kama amekwambia. Ananiita "mama". Aliomba ruhusa damu ile iendelee kutumika, wajaribu kuchanganya kingamwili tatu kwa pamoja, kila moja ishike ganda mahali tofauti, ili kirusi kikikwepa moja kinaswe na nyingine. Nimesaini. Nimeuliza kuhusu wewe, akasema utarudi mezani mwezi ujao lakini damu yangu hutaigusa, na chumba cha kuosha vyombo hakijawahi kung'aa hivyo.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Alifika juzi jioni, akalala hapa kwenye kochi. Asubuhi nikamsikia ananyoa. Akatoka amevaa shati la harusi. Nikasema, "Nibaki?" Akasema, "Twende."

Tulikaa kwenye benchi saa nzima. Mama mmoja alikuwa na mtoto anayelia, mzee mmoja anasinzia. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikifika ishirini napotea, naanza upya. Wakaita namba yake. Akasimama, akapiga hatua mbili, akarudi. Akaniambia, "Siingii peke yangu." Nikaingia naye.

Nesi alikuwa na karatasi kifudifudi. Aliigeuza. Akasema, "Hakuna maambukizi. Miezi mitatu imepita, hili ndilo jibu la mwisho."

Akauliza, "Hakuna?"

"Hakuna, baba."

Akamshukuru kwa adabu zake zote. Akachukua karatasi, akaikunja mara nne. Tukatoka. Mimi nilikuwa siwezi kutembea kwa furaha, nilitaka kupiga vigelegele pale pale barazani. Tulipofika kwenye ngazi za nje akakaa ghafla. Nikadhani amejikwaa. Akashika chuma cha ngazi, na ule mkono wake mkubwa ulikuwa unatetemeka mpaka chuma kinalia.

Nikasema, "Imekwisha, mume wangu. Umesikia mwenyewe, imekwisha."

Akasema, "Miezi mitatu sikuogopa. Nilipanda juu kila siku, sikuogopa. Nilijiambia nikiogopa nitaanguka."

"Najua."

"Sasa ndiyo naogopa."

Nikataka kumshika bega, nikasita. Sikujua kama ninaruhusiwa. Nikakaa ngazi moja chini yake, watu wakawa wanatupita na kadi zao mkononi, wengine wanatuangalia, wengine wanageuza macho kwa kutuheshimu. Kisha mlinzi akaja akasema kwa upole tupishe njia, kuna mgonjwa anashushwa. Tukasimama. Akatangulia kushuka, akafika chini, akasimama kunisubiri.

Leo asubuhi amerudi saiti. Sijamuuliza kama atakuja baada ya wiki sita, na yeye hajasema.

Dada yako